Jani la Gundi

Kazi yangu ni kubandika.
Saa mbili usiku, milango ya duka ikishateremshwa,
nakaa juu ya kreti ya soda chumba cha nyuma,
roli la vibandiko mapajani,
kila kibandiko jani moja la kijani
na chini yake maneno matatu: Haina Nyama Kabisa.

Usiniulize nani alilichora hilo jani.
Si la mchicha, si la kunde, si la kisamvu.
Halina mshipa, halina tundu la mdudu.
Jani ambalo halijawahi kunyeshewa.

Sambusa huletwa na pikipiki kutoka Walukuba,
za dengu na za nyama ndani ya beseni moja,
zimezama mafuta yale yale,
zinafanana kama pacha waliovalishwa sare.
Mkaangaji huzitia alama: ya nyama hukunjwa ncha.
Lakini njia ya Walukuba ina mashimo,
na zikifika Jinja mjini, ncha zimekunjuka.
“Zote bandika jani,” alisema Bwana Tibenkana,
“nani atafungua sambusa aihoji?”

Mimi nala nyama. Niseme ukweli.
Siku ya mshahara napita bucha la Amber Court,
nanunua nusu kilo yenye mfupa
na wanangu wanagombania uboho.
Kwa hiyo nilibandika,
kama karani apigaye muhuri barua asiyoisoma.

Kila Alhamisi huja Mama Kokila,
mjane wa fundi saa wa barabara ya Gabula.
Kiswahili chake ni cha dukani, changu cha kambini,
baba alikuwa mpiga tarumbeta jeshini;
vinakutana kati ya rafu ya chumvi na ya biskuti,
vinasalimiana.
Huinua pakiti hadi kwenye mwanga wa dirisha,
akalitafuta jani kwa kidole
kama apapasaye uso wa mjukuu.
“Binti, safi?”
“Safi, mama.”
Mara ngapi? Hesabu Alhamisi za miaka miwili.

Wanasema kinywa ni jumba la maneno.
Chake kilikuwa jumba lenye bawabu,
miaka sabini na minne damu haijavuka kizingiti.
Bawabu akaniona nimekuja na kitambulisho,
kina picha, kina rangi,
akafungua.

Wiki iliyopita alirudi Ijumaa.
Hakupaza sauti. Hakumwita meneja.
Alitandaza leso juu ya kaunta: nusu ya sambusa,
na pembeni punje za nyama, tano, sita,
amezipanga mstari
kama mumewe alivyokuwa akipanga skrubu za saa.
Kisha akalibandua jani kwenye pakiti,
akalibandika nyuma ya mkono wangu,
taratibu, akalisawazisha kwa kidole gumba.
“Hili,” aliuliza, “liliota wapi?”

Sikuwa na shamba la kumtajia.

Bwana Tibenkana alimrudishia shilingi elfu tatu.
Aliziacha. Zilikaa pale kaunta mpaka tunafunga,
mlinzi akazila kwa chapati na mayai.

Alhamisi imekuja, imepita.
Rafu ya chumvi ipo, rafu ya biskuti ipo.
Mkononi, sabuni imeshalitoa jani,
gundi bado inanasa vumbi.

Usiku huu beseni limefika, ncha zimekunjuka zote.
Nachukua moja, naivunja. Dengu.
Nachukua ya pili, naivunja.
Mafuta yanaingia kwenye gazeti, habari za jana zinang’aa,
na roli la majani limeviringika chini ya meza
sijalifuata.
“Wewe!” Bwana Tibenkana amesimama mlangoni, funguo mkononi.
“Unafanya nini na mali yangu?”

“Nasoma,” namwambia,
na kuivunja ya tatu.